Kete Zilizo Mkononi

Ubao ni mmoja. Safu nne, kila safu mashimo manane, jumla 32. Kete 64, komwe za kijivu zilizolainishwa na vidole vya watu wengi. Hata hivyo, kwenye ubao huohuo watu wa pwani hucheza michezo miwili, na mgeni anayeketi barazani Ngamiani, mjini Tanga, au Pangani huulizwa mapema, kabla hata jina lake halijashikwa, kama anacheza bao la kiswahili au la kujifunza.

Bao la kujifunza huelezeka kwa pumzi moja. Kila shimo linapewa kete mbili, kete zote zimo ubaoni tangu mwanzo, na mnaanza kuliana. Bao la kiswahili linaanza na uchache. Kila mchezaji anatandika kete kumi tu: sita kwenye nyumba, lile shimo la pembe nne la safu ya mbele, na mbilimbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake. Nyingine 22 zinabaki mkononi. Kila zamu unatoa moja, unaiingiza kwenye shimo la mbele lenye kete, na kama shimo la mwenzako linalolikabili nalo lina kitu, umekula. Hiyo ndiyo namua. Mpaka mikono yote miwili iwe mitupu ndipo mnaingia kwenye mtaji, ambapo kete zote zimo ubaoni na mnaanzia kwenye mashimo yenyewe.

Vijana wakiuliza waanze na lipi, watu wazima wengi hujibu bila kufikiri: la kujifunza, hilo jingine litakuja lenyewe. Sikubaliani nao, na nimezidi kutokubaliana nao tangu mpwa wangu aliporudi likizo kutoka chuoni Dar es Salaam akiwa na mchezo mwingine kabisa wa mezani ndani ya simu yake.

Mchezo huo unaitwa Traveller. Marc Miller na wenzake wa kampuni ya GDW, katika mji wa Normal, jimbo la Illinois nchini Marekani, waliutoa mwaka 1977: kisanduku chenye vijitabu vitatu vyeusi, kila kimoja hakifiki kurasa 60. Hauna kete wala mashimo. Watu wanazunguka meza. Mmoja anakuwa mwamuzi, ndiye anayeushika ulimwengu, na wengine kila mmoja ana mhusika wake. Kwa maneno na dadu wanasafiri baina ya nyota, wanafanya biashara, wanapigana, wanakimbia wanaowadai. Tangu hapo umetolewa upya mara nyingi kiasi cha kumchanganya mtu. Kuna toleo lililosafishwa la 1981. Kuna MegaTraveller ya 1987, na The New Era ya 1993 iliyoivunjavunja dola ya anga ambayo matoleo ya nyuma yalikuwa yameijenga kwa subira. GDW ilifungwa 1996, na mwaka huohuo Miller akarudi na toleo jingine kupitia kampuni nyingine. Steve Jackson Games wakatoa la kwao 1998. Mongoose wa Uingereza wakatoa 2008, wakatoa tena 2016, wakalirekebisha 2022. Katikati yake, 2013, Miller alitoa Traveller5, kitabu cha zaidi ya kurasa 600.

"Mjomba," aliniambia, "wenzangu wamekubali kucheza, lakini nimeshindwa kuchagua. Wewe ungeanza na lipi?"

Kwa Tanga, matoleo kadhaa yalijiondoa yenyewe. Mchezo wa 1977 unahitaji dadu za kawaida za pande sita, mbili tu, zilezile za ludo zinazopatikana dukani kwa mia chache. The New Era inataka dadu ya pande 20, na hiyo huipati Ngamiani nzima. Kitabu cha kurasa 600 hakichapishwi kwenye steshenari ya mtaani ila na mtu mwenye fedha za kuchezea, na wachezaji wa mpwa wangu ni wanafunzi ambao simu zao huisha chaji katikati ya jioni. Vijitabu vitatu vinachapika, vinabanwa pini, vinapita mkono kwa mkono. Nimeona watu wakizungumza juu ya ubora wa sheria kana kwamba sheria huelea hewani. Sheria zipo kwenye karatasi, na karatasi ina bei.

Baada ya mchujo huo yalibaki machache, na kati ya hayo kilichotutenga ni jambo moja. Katika toleo la 1977 mhusika wako anaweza kufa kabla mchezo haujaanza.

Hivi ndivyo inavyokwenda. Unarusha dadu mbili kupata nguvu zake, wepesi wake, ustahimilivu, akili, elimu na hadhi yake katika jamii. Kisha unamwingiza kazini: jeshi la majini, askari wa meli, jeshi la nchi kavu, wapelelezi wa anga, wafanyabiashara, au wale wasio na jina la kazi. Anatumikia mihula ya miaka minne minne. Kila muhula unampa ujuzi, na kila muhula unakutaka urushe dadu kuona kama amepona. Wapelelezi ndio wenye hali mbaya: anahitaji 7 au zaidi. Dadu mbili zina njia 36 za kuangukia, na katika hizo 21 tu ndizo zinazomwacha hai, isipokuwa awe na ustahimilivu mkubwa wa kumwongezea. Akianguka, amekufa. Karatasi inawekwa kando, unaanza na mtu mwingine.

Toleo la 1981 liliibakiza sheria hiyo lakini likatoa ruhusa kwa anayetaka: aliyeshindwa kupona ahesabiwe amejeruhiwa, aachishwe kazi, aendelee kuishi. Kufikia Mongoose 2008 ruhusa ile ndiyo imekuwa sheria yenyewe. Dadu mbaya inakupeleka kwenye orodha ya mikasa: umepoteza jicho, umesalitiwa na mkubwa wako, umepata adui wa maisha. Niseme wazi kwamba orodha hiyo imetungwa vizuri. Mkasa unampa mhusika historia, na wachezaji wawili wanaweza kuufunga mkasa mmoja kwenye maisha yao wote wawili kabla hawajakaa mezani. Mpwa wangu aliipenda. Wenzake waliipenda zaidi, kwa sababu hakuna anayetaka kuandika jina la mtu, kumpa mji aliozaliwa, halafu amfute.

Mimi nilisema tuchukue la 1981, na ile ruhusa tuifunike kwa karatasi.

Sababu yangu ya kwanza ni bahari. Katika Traveller hakuna redio inayovuka kutoka nyota moja hadi nyingine. Habari husafiri ndani ya chombo, na chombo kikiruka huchukua takriban wiki moja kufika, iwe safari ni ndefu au fupi. Mfanyabiashara anapakia mzigo bila kujua bei ya huko aendako. Mtu wa pwani anayeijua historia ya jahazi hahitaji kufundishwa sheria hii. Kaskazi ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha, na aliyemtuma ndugu yake Maskati alikaa bila habari zake mpaka upepo ugeuke.

Nenda Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, kwenye magofu ya msikiti na makaburi yale ya nguzo, utazame majini. Kwenye miamba ya upande huo wa Mtang'ata ndipo meli São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilipokwama, Aprili 1498. Ilinasuka, ikafika India, na Januari 1499 ikarudi pwani hiihii pamoja na nyingine mbili. Kiseyeye kilikuwa kimeua mabaharia wengi mno. Waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Wakaihamishia mizigo kwenye zile mbili na kuiteketeza São Rafael kwa moto. Kila nikisoma sheria ya 1977 nawafikiria wale waliokufa katikati ya bahari, ambao hakuna hadithi ya ushujaa iliyowangoja. Nao walipanga safari. Nao walikuwa na ujuzi walioukusanya kwa miaka. Mchezo wa safari za mbali ambao hauna nafasi ya watu hao naona umepunguza kitu kilicho kweli, hata kama nyota zake ni za kubuni.

Sababu ya pili ni bao.

Tazama zamu moja kwa karibu. Tuko kwenye namua. Mwenzako ameacha kete tano katikati ya safu yake ya mbele, na shimo lako linalolikabili lina mbili. Unaingiza kete kutoka mkononi, unazichota zile tano. Kwa kuwa hukula kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, wala kwenye kimbi, shimo la jirani yake, una hiari ya upande. Unachagua kichwa cha kushoto, unagawa moja, mbili, tatu, nne, na ya tano inaangukia kwenye nyumba. Ng'ambo ya nyumba ni kutupu, hakuna cha kula. Nyumba yako sasa ina kete nane au tisa. Unaweza kulala hapo, mali ikabaki pamoja. Au unaweza kuivunja, ukazigawa zote ukizunguka, ukitumaini kuangukia pa kula na kula tena, huku ukijua kwamba nyumba ikishavunjwa hairudi kuwa nyumba. Mkononi bado una kete kumi na kitu. Mwenzako anazo vilevile, na wote wawili mnajua idadi yake.

Uamuzi huo haupo kwenye bao la kujifunza. Hakuna nyumba ya kulala wala ya kuvunja, hakuna akiba. Kuna kuona njia, kuhesabu mbele, na kula. Ni hesabu nzuri, wala silidharau; mtoto akipewa atajifunza kugawa bila kuruka shimo na kuhesabu kwa macho bila kugusa. Ila namua ina jambo jingine. Una mali ambayo adui hawezi kuila, lakini wewe nawe huwezi kuishikilia: kila zamu lazima moja itoke, upende usipende, na huwezi kuruka zamu ili kungoja wakati mwema. Unaweza kufungwa ukiwa bado na kete mkononi, safu yako ya mbele imekaushwa, na zile ulizobaki nazo hazina tena shimo la kuingia. Kufungwa mkononi kunauma kuliko kufungwa kwenye mtaji, na ninaamini kunauma kwa haki, kwa sababu hukushindwa kwa kuishiwa.

Nimeona vijana wakifungwa namna hiyo mara mbili tatu wakaomba walirudie la kujifunza. Barazani kuna wazee wanaowakubalia kwa upole. Mimi huona upole huo unawanyima. Sheria inayomtoa machozi mwanagenzi mara nyingi ndiyo iliyobeba mchezo. Ukiiondoa ili aingie kwa urahisi, anaingia kwenye nyumba nyingine. Ndivyo ilivyo kwa dadu ya kupona. Anayeweza kumpoteza mhusika wake akimwongezea muhula mmoja zaidi anaujua uzito wa muhula huo. Atoke sasa akiwa na ujuzi mdogo na umri mdogo, au abaki kwa ajili ya cheo? Kwa orodha ya mikasa swali hilo linabaki, lakini halimfanyi mtu ashikilie dadu mkononi kwa muda kabla ya kuzirusha. Mpwa wangu na wenzake walikubali hatimaye, na niliwaangalia wakizishikilia.

Hapa lazima nieleze upande ambao wazee wa bao hawapendi kuusikia.

Mpwa wangu ni binti. Barazani bao limekuwa la wanaume kwa vizazi, na bao la kiswahili hujifunzwa kwa kukaa: unatazama kwa miezi, unakosea, unakemewa, unaambiwa "hapa lazima ule", na kidogo kidogo sheria zinaingia. Asiyeweza kukaa hapo hana pa kuzipata. Ndiyo maana alilijua la kujifunza tu, alilofundishwa nyumbani na bibi yake, na ndiyo maana mabao mengi ninayoyaona yakiuzwa kwa watalii yana mashimo yote ya duara, bila nyumba. Wanaoyanunua hawataketi kamwe na mtu wa kuwaeleza. Sheria inayoishi mdomoni ni hai, inakubali kurekebishwa na watu wa mtaa, lakini mlango wake unalindwa na walioketi. Vijitabu vitatu vyeusi havimuulizi anayevifungua ni nani. Wasichana wanne wa Tanga, bila kumfahamu mtu yeyote aliyewahi kuucheza mchezo ule, waliusoma wakaucheza, na wakaucheza katika toleo lake gumu. Hilo liliniondolea uhakika niliokuwa nao kuhusu ubora wa kufundishana kwa mdomo tu.

Bao si kwamba halijaandikwa. Alexander de Voogt, mtafiti wa Kiholanzi, alikaa na mabingwa wa Zanzibar na kitabu chake juu ya ubingwa wao kikatoka 1995, kwa Kiingereza. Ninachokitaka ni daftari la Kiswahili, la kurasa chache, linalochapika kwenye steshenari ileile, lenye namua yote na nyumba yake, bila kulainishwa. Shule za Tanga zingeweza kulitumia. Msichana wa Makorora angeweza kujifunza na dada yake sebuleni, kisha siku akiketi mbele ya bingwa ajue kwamba hakupewa mchezo wa wageni.

Mpwa wangu ameanza kuliandika. Alinitaka nimweleze kila kitu kwa mpangilio, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani, na maswali yake yamenitoa jasho. Akiuliza kwa nini kimbi kinakulazimisha upande wakati mashimo ya katikati yanakupa hiari, siwezi kumwambia ndivyo tulivyozoea. Anaandika, anahitaji neno litakalosimama peke yake.

Mchezo wao wa nyota nao unaendelea. Ramani waliichora wenyewe, wakaazima wazo la Shaaban Robert, mtu wa Vibambani, ambaye mwaka 1951 alichapisha Kusadikika, habari za nchi iliyo angani na wajumbe waliotumwa pande zake zote, juu na chini pia, na waliorudi na maarifa wakafungwa. Kwamba Tanga ilishakuwa na nchi yake ya angani kabla mtu yeyote wa Illinois hajachora ya kwake, jambo hilo liliwafurahisha sana. Dunia zao sita wamezipanga kwa pande hizo. Mhusika wa kwanza wa mpwa wangu alikuwa mpelelezi. Alikufa katika muhula wake wa pili, na binti alinyamaza kwa muda kabla ya kuchukua karatasi nyingine. Wa pili ni mfanyabiashara mwanamke aliyetoka kazini na meli yenye mkopo wa miaka 40, malipo 480 ya kila mwezi, na sasa meza nzima inahangaika kupata mzigo wa kulipia mwezi ujao.

Kilichokwamisha daftari ni takasia. Mko kwenye mtaji. Mmoja ametakata, yaani amecheza bila kula, mwenzake naye hana cha kula, na shimo moja tu la huyo mwenzake ndilo litakaloliwa zamu ijayo. Shimo hilo limetakasiwa: haruhusiwi kuanza nalo ili kuzitorosha kete zake, isipokuwa ndilo lililobaki peke yake na kitu mbele, au ndilo pekee lenye kete zaidi ya moja, au ni nyumba. Nimeketi kwenye bao ambapo sheria hii hulindwa kwa ukali, na nimeketi kwenye jingine, si mbali sana, ambapo ukiitaja watu wanakutazama. Mpwa wangu anataka aandike zote mbili na kuwaachia wachezaji wakubaliane kabla ya kutandika. Mimi nataka aandike moja, ile kali, kwa sababu inamzuia mtu kukimbia gharama ya kuachwa wazi. Ameniambia kwamba kwa hoja hiyohiyo nilimwulia mpelelezi wake, na kwamba safari hii hatakubali mpaka awasikie mabingwa wenyewe. Jumapili baada ya alasiri nitampeleka kwao, Barabara ya Tisa. Nimeshawaambia anakuja na kalamu.